Halua Isiyoungua

Nyumba za wastaafu zilikuwa pembezoni mwa mtaa wa Mirdif, upande ambao ndege hushuka chini mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Zilijengwa na mama yake arbab, yaani bosi wetu; alikuwa bibi wa Kiarabu aliyezaliwa Unguja. Familia yao ilikuwa na maduka na maghala, na watu waliowatumikia tangu ujana walikuwa wamezeekea humu humu Dubai, wengine bila mke wala mtoto wa kurudi kwake. Bibi yule alikataa warudishwe makwao kama mizigo isiyo na mwenyewe. Akajenga vyumba kuzunguka ua, jiko la pamoja, msikiti mdogo na benchi ndefu penye kivuli, akaagiza kila mmoja akae pale, ale na atibiwe, mpaka Mungu atakapomhitaji. Nilipofika mimi, bibi alikuwa ameshatangulia, na mwanawe ndiye aliyeushika wasia.

Mimi nilikuja kufagia. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mtu wa pwani ya kusini mwa Mombasa, nimesoma mpaka darasa la nane tu. Nilikuwa na haya kupita kiasi. Mtu akiniuliza jambo, jibu lilinijia akishaondoka. Hata sasa naandika hivyo hivyo, neno moja nalifikiria mpaka chai inapoa. Lakini ufagio haukutaka maneno, na wazee walinipenda kwa kuwa niliwasikiliza.

Kulikuwa na kanuni moja kubwa pale: mkaazi hafanyi kazi. Arbab aliichunga kanuni hiyo kuliko hata mama yake. Aliogopa watu wa mji wasije wakasema kwamba anawala wazee nyama mpaka mifupa. Mzee akionekana anapanga viti tu, msimamizi alikuja mbio kumnyang'anya.

Ni mmoja tu aliyeachiliwa, naye ni babu wa halua.

Alikuwa Mzanzibari, mfupi, mweusi wa kung'aa, mabega mapana kuliko umri wake. Tangu ujana alikuwa mpishi wa halua wa familia ile, katika jiko lao lililoko Deira, kwenye vichochoro vya nyuma ya soko la viungo. Walipompa chumba kwenye nyumba za wastaafu, alikipokea, akatandika kitanda, na kesho yake akavaa msuli na fulana ya kazi akamwambia dereva wa gari dogo la mizigo ampeleke Deira kama kawaida. Arbab akamwita. Babu akamwambia, "Mie chumba nimekipenda. Lakini nikiacha kusonga, hiyo halua yenu itakuwa gundi ya kubandikia viatu."

Arbab alikulia kwenye halua ile. Akamkubalia kwa sharti moja: asonge kwa mikono yake mwenyewe. Siku mtu mwingine atakapoonekana ameushika mwiko wake, basi, khalas, ndiyo siku ya kupumzika. Wakapeana mikono. Wazee wote walilijua sharti lile. Mimi mfagiaji, hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Siku za kazi, babu alipovuka ua asubuhi, wenzake walikuwa wameshakaa kwenye benchi. Dereva mstaafu, mtu wa Mombasa, ndiye aliyekuwa mchokozi wao.

"Huyo, yuwaenda tena mstaafu wetu," alisema. "Sisi twangoja mauti kwa raha, yeye ayafuata motoni."

"Mstaafu ni weye," babu alimjibu bila kusimama. "Tena ulistaafu zamani, tangu ungali waendesha gari. Ulikuwa ukilala kwenye usukani."

Benchi zima likacheka, na yeye akaingia garini amejaa furaha kama mtu anayekwenda harusini. Neno lile, mstaafu, hakulikubali hata kwa mzaha.

Siku moja aliteleza akishuka garini, akaumia goti kidogo. Msimamizi akaniamuru niwe naenda naye Deira, nimbebee mkoba na kumshika mkono penye ngazi. Ndivyo nilivyolijua jiko la halua.

Lilikuwa chumba kirefu chenye joto la kuchoma kope. Katikati palikaa sufuria ya shaba, pana kiasi cha kumwogeshea mtoto, juu ya moto wa gesi. Kijana mmoja wa Kibangladeshi aliosha vyombo na kuchunga moto. Babu alichemsha sukari, akatoa povu lake, akamimina wanga uliolowekwa na kuchujwa, kisha akaushika mwiko. Mwiko wenyewe ulikuwa mrefu kama kafi la mtumbwi. Kuanzia hapo hakuna kusimama. Ulisongwa kwa mikono miwili, ukikwangua chini ya sufuria kutoka ukingo mpaka ukingo, na samli ikaongezwa kidogo kidogo, na zafarani, na iliki, na lozi, mpaka halua yenyewe ikakataa kushikana na shaba na samli ikaanza kutoka pembeni. Ukisimama kupangusa jasho tu, inashika chini, na ikishashika chini, ladha ya moto hupanda juu na hakuna marashi ya kuiondoa.

Nilikaa kwenye gunia la sukari nikatazama. Nilikaa vibaya, kwa sababu kwetu kijana haketi mzee akitoka jasho. Ukimkuta mtu mzima ana mzigo, na wewe mikono yako mitupu, humuulizi kama amechoka. Unampokea. Ukimuuliza ni kama unamwambia abebe mwenyewe. Mama yangu alinichapa kwa jambo hili mara nyingi kuliko kwa utundu wowote. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono, babu akanitazama kwa jicho kali nikaurudisha. Nikadhani kwamba ni ukali wa fundi tu. Nikarudi kwenye gunia, na kila siku niliyokaa pale niliona haya mpaka shingoni.

Miezi ilipita hivyo. Niliona mikono yake inaanza kutetemeka karibu na mwisho, wakati halua inapokuwa nzito. Alibadilisha mguu wa kuegemea, akavuta pumzi puani, akaendelea.

Kisha wakaja wageni. Walikuwa wazee watatu kutoka Muscat, jamaa za arbab, wote wanasema Kiswahili cha Unguja, wamekuja kuagiza halua ya harusi. Arbab akawaleta jikoni waone inavyopikwa. Waliingia na kanzu zao nyeupe wakasimama mlangoni kukwepa moto. Mimi niliruka kutoka kwenye gunia, nikaamkia, nikabaki nimesimama na mikono yangu ikining'inia.

Babu alikuwa karibu kumaliza. Siku ile halua ilikuwa nyingi kuliko kawaida. Mikono ilimtetemeka mpaka mwiko ukagonga ukingo wa sufuria, na jasho likawa linadondoka kidevuni. Wageni walimwona. Mmoja wao, mwenye ndevu nyeupe, akanigeukia mimi.

"Na huyu kijana," akasema, "amekuja kutazama sinema?"

Wenzake wakacheka, cheko la upole tu. Arbab naye akatabasamu. Mimi nilihisi kama nimevuliwa nguo. Nilimwona mama yangu, niliuona mtaa mzima kwetu umesimama mlangoni pale umeshika kiuno. Nikapiga hatua mbili.

"Nipe babu, nikupokee," nikasema.

Nikaushika mwiko.

Hakuuachia. Kwa muda mfupi tuliushika sote wawili, na kwa kuwa hausimami, tuliusonga pamoja, mkono wake juu ya wangu. Akanitazama karibu sana. Sasa najua alichokuwa anakipima. Angeweza kunisukuma, lakini kugombania mwiko na kijana mbele ya wageni ni fedheha, kwake na kwa arbab na hata kwangu. Alikuwa mtu wa adabu kama nilivyolelewa mimi. Akaachia.

"Haya. Chini kabisa," akaninong'oneza. "Usiuinue."

Nikasonga. Wageni wakasema mashaallah. Mwenye ndevu akasema, "Ndiyo! Mzee apumzike." Babu akarudi nyuma, akakaa kwenye gunia langu la sukari. Nilipomtazama, hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa akimtazama arbab, na arbab alikuwa akiitazama mikono yangu.

Tukiwa garini kurudi, nilingoja anisifu. Nilingoja kweli, na hilo huniuma. Niliona kwamba nimefanya jambo jema mbele za watu, mimi niliyezoea kujificha nyuma ya milango. Babu alitazama nje njia nzima. Tulipofika alishuka mwenyewe, akakataa mkono wangu, akaenda chumbani.

Dereva mstaafu ndiye aliyenieleza. Aliniita kwenye benchi jioni ile ile, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Kijana, ni kweli ulimshika mwiko?"

"Nilimpokea tu, mzee. Alikuwa amechoka."

"Mbele ya arbab?"

"Ndiyo."

Akapiga paja lake kwa kiganja. Akaniambia sharti lile, neno kwa neno. Kisha akasema, "Basi umemzika. Tena kwa adabu njema."

Arbab alikuja kesho yake. Alikuwa mtu mwema, sina la kumsema. Alileta tende na nguo mpya, akakaa na babu chini ya kivuli, akamshika mkono muda mrefu. Mimi nilikuwa nafagia mbali lakini nikasikia.

"Wallah babu, umetulea kwa mikono hii. Mama angekuwa hai angenigombeza kwa kukuacha motoni mpaka leo. Khalas. Pumzika."

"Yule mtoto kanishikia dakika moja tu kwa sababu ya wageni."

"Tulisemaje?"

Babu akaitazama mikono yake. "Tulisema hivyo," akajibu.

"Na kijana mwenyewe mkono wake mzuri. Nimemwona. Halua haitatoka nje ya nyumba hii. Si ndilo ulilokuwa ukiliogopa?"

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya babu. Sikuiomba. Lakini sikuikataa vilevile. Niliitwa nikaambiwa, nikasema, "Inshallah, sir," nikainama. Ningeweza kusema kwamba sikulijua sharti, kwamba mzee hakuniomba nimsaidie, kwamba kosa ni langu. Maneno hayo yalinijia usiku nikiwa kitandani, yote yamepangika vizuri, na asubuhi hayakuwepo. Nikajiambia ni haya zangu. Ila mtu mwenye haya akitaka jambo sana huwa halimshindi kusema. Na mimi niliitaka kazi ile. Nyumba ya mama ilikuwa ya makuti yaliyooza, na msonga halua hulipwa zaidi ya mfagiaji.

Nilimpigia mama simu. Nilimweleza yote, nikitumaini atanigombeza.

"Umeona?" akasema, na nikasikia anapiga kigelegele. "Hiyo ndiyo faida ya adabu! Umempokea mzee mzigo, Mungu naye akakupokea wako. Mwambie huyo babu namsalimia sana."

Sikumpelekea babu salamu zile.

Siku za kazi, gari lilipokuja, nilivuka ua ule ule. Babu alikuwa kwenye benchi, amevaa msuli na fulana ya kazi, kana kwamba anasubiri kuitwa. Niliamkia, "Shikamoo babu." Aliitikia, "Marahaba," bila kuniangalia. Wenzake walinyamaza mpaka nilipoingia garini. Hata yule dereva hakupata mzaha wa kunitupia, na ningetoa chochote ili anitukane.

Kwa kutojua la kufanya, nikaanza kuoga huko huko Deira kabla ya kurudi. Nilijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha, nikabadilisha nguo, nisimpitie mzee na harufu ya samli na iliki. Nilidhani kwamba namhurumia. Siku ya tatu au ya nne aliniita.

"Wewe. Njoo hapa. Mbona unanuka sabuni kama maiti?"

"Nimeoga, babu."

"Umeoga wapi?"

"Jikoni."

"Kwa nini? Hapa maji hakuna?" Akanikazia macho mpaka nikainamisha kichwa. "Hebu nenda kalete hiyo fulana uliyofanyia kazi."

Nikaileta, nimeikunja kwenye mfuko wa plastiki. Akaitoa, akaisogeza puani, akavuta pumzi macho yamefumba. Wazee wengine waligeuza nyuso.

"Samli umeitia yote kwa pamoja," akasema. "Na iliki imeingia mapema, imekufa kwenye moto. Una haraka ya kwenda wapi?"

Tangu siku hiyo alinifundisha. Jikoni alikataa katakata kutia mguu. "Nikae kwenye gunia kama mgeni? Mie?" alisema. Alinifundisha pale pale kwenye benchi, kwa maneno tu, na mara nyingine alichukua ufagio wa mfagiaji mpya akanionyesha jinsi ya kuegemea mguu wa nyuma ili nguvu itoke kiunoni na si begani. Msimamizi alipomkuta alimnyang'anya ufagio kwa upole, akidhani anataka kufagia. Halua yangu ikawa nzuri. Kila ilipozidi kuwa nzuri, arbab alizidi kusahau kwamba kuna siku ilipikwa na mtu mwingine. Babu alikuwa akinipa chumvi ya kutia kwenye kidonda chake mwenyewe, na mimi nikaipokea kila jioni nikisema, "Asante babu."

Kazi ilipomtoka, alianza kuharibika. Goti lililokuwa limepona likarudi kuuma. Aligombana na mpishi wa jiko la pamoja juu ya uji, akasema umepikwa na mtu asiye na mikono. Aligombana na daktari. Alilala mchana, yeye aliyekuwa akiwacheka wanaolala mchana. Mabega yake yakashuka.

Kisha ikatangazwa posa ya binti wa arbab. Halua ya shughuli ile ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote nilizopata kupewa. Siku moja kabla yake, babu alinifuata nikiwa naanua nguo kwenye kamba nyuma ya vyumba. Alikuja polepole akishika ukuta. Hakuwahi kunifuata mahali kabla ya siku hiyo.

"Kesho unapika ya bintiye," akasema.

"Ndiyo babu."

"Ikiungua halua ya mtu wa sokoni, arbab atasema ni bahati mbaya. Ikiungua ya bintiye, atamtafuta mtu." Akashika upindo wa shuka langu kwenye kamba, akaukunja, akaukunjua. "Wageni wanakuja jioni. Ukiiunguza asubuhi, bado kuna wakati wa kuniita mie nisonge nyingine."

Nilishika kibanio cha nguo mkononi. Nilielewa, lakini nilijifanya bado naelewa polepole.

"Sufuria moja tu," akasema. "Weye utarudi kwenye ufagio. Ufagio haujamuua mtu. Mie hilo benchi litaniua, mjukuu wangu."

Hakuwahi kuniita mjukuu wake. Alikuwa ameliweka neno lile siku zote hizo, na sasa alilitoa, kama mtu anayevunja kibubu chake cha mwisho. Alikuwa mtu aliyeikataa halua mbaya maisha yake yote, na alikuwa ananiomba niiunguze.

"Inshallah, babu," nikasema.

Akaniangalia kujua ni inshallah ya namna gani. Kisha akaitikia kwa kichwa, akarudi akishika ukuta.

Asubuhi nilikwenda Deira nimeazimia. Naliandika hili kama lilivyokuwa: nilikuwa nimeazimia kweli. Nilichemsha sukari, nikatoa povu, nikamimina wanga. Nikasonga mpaka ilipoanza kuwa nzito. Kijana wa Kibangladeshi alikuwa amenipa mgongo, anasugua sinia. Nikauinua mwiko. Si juu sana. Niliuacha tu uelee katikati, usiguse chini.

Mapovu makubwa yakapanda polepole, yakapasuka. Samli ikajikusanya upande mmoja. Harufu ilikuwa bado nzuri, halafu nyuma yake ikaja nyingine, nyembamba, kama uzi wa moshi kwenye nguo. Nikajiambia, ngoja. Nikamfikiria babu amekaa na msuli wake. Nikajiambia, ngoja kidogo tu.

Mwiko ukashuka wenyewe. Nikakwangua chini kabisa, ukingo mpaka ukingo, nikiegemea mguu wa nyuma kama alivyonifundisha, nikakwangua kwa nguvu kuliko siku zote, nikamfokea yule kijana apunguze moto. Uzi ule wa moshi ukapotea. Nikaendelea kusonga machozi na jasho vikinidondoka pamoja. Miaka mingi nimewaambia watu kwamba ni mkono uliokataa, kwamba mkono ukishafundishwa vizuri hauwezi kuharibu. Inapendeza kusema hivyo. Lakini mkono ulipokuwa unashuka, kichwani nilikuwa naona mabati. Mabati mapya juu ya nyumba ya mama yangu, fundi yuko juu anapiga misumari, na mama amesimama chini anaangalia.

Halua ilitoka safi, nyekundu, inang'aa. Arbab aliionja, akanishika bega.

Siku ile sikuoga. Nilirudi na fulana yangu ya kazi, nimebeba ukoko, lile tabaka la chini linalobaki kwenye shaba, ambalo kwa desturi ya kazi ni haki ya msonga. Nilikuwa nimeufunga kwenye karatasi. Babu alikuwa amesimama karibu na lango. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa fulana safi. Gari lingekuwa limerudi kumchukua, angekuwa tayari.

Hakuniuliza. Alinyoosha mkono akapewa karatasi, akaifungua. Ukoko ulikuwa wa kahawia ya dhahabu, sawasawa kila mahali. Palikuwa na doa dogo jeusi upande mmoja, dogo kama ukucha. Akaligusa doa lile kwa kidole.

"Hapa ulisimama," akasema.

"Ndiyo babu."

"Halafu?"

Jibu halikuja. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba majibu yangu huchelewa.

Dereva mstaafu akaita kutoka kwenye benchi, "Nini hicho mwatunyima? Leteni!" Babu akaenda, akawagawia. Wakatafuna, wakasifu. Mmoja akasema, "Mashaallah, kama ya kwako enzi zako." Babu alikata kipande chenye doa jeusi akakiweka kinywani mwake, akakitafuna taratibu muda mrefu.

"Samli safari hii umeitia vizuri," akaniambia.

Akajipangusa mikono kwenye karatasi, akaikunja, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Nilisimama pale uani na maneno ya kuomba radhi yamenijaa mdomoni kama uji wa moto, siwezi kuyameza wala kuyatema.

Siku ya kazi iliyofuata hakuwa kwenye benchi. Msuli wake na fulana ya kazi vilikuwa vimefuliwa, vimetundikwa kwenye kamba. Gari lilipiga honi nje. Ili kufika langoni ilibidi nipite mbele ya chumba chake, na dirisha lilikuwa wazi. Nikavua ndala, nikazishika mkononi, nikapita miguu mitupu nisimwamshe, ingawa nilijua hajalala.